Ati Aliyeokolewa Alipe?



Katika gazeti letu la mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa karakana aliandika ya kwamba mtu akipotea mlimani, au mashua yake ikizama kwa kukosa akili, na Serikali ikatuma ndege na watu kumtafuta, basi akiisha kupatikana aletewe hesabu yote ailipe, shilingi kwa shilingi. Wengi katika kantini walimpigia makofi. Walisema, kwa nini jasho letu liende kumtafuta tajiri aliyepanda Mlima Kenya kwa mchezo? Mimi nilinyamaza siku ile kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika. Leo nina kalamu.

Mwenzetu huyo si mtu mbaya, na hasira yake naifahamu. Mshahara wetu hukatwa kodi kabla hatujauona, kisha twasikia ndege imeruka siku mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini jiwe alilorusha halitampiga tajiri. Litatupiga sisi.

Maneno haya hayakuzaliwa kantini kwetu. Huko Marekani liko jimbo liitwalo New Hampshire, lenye milima ya baridi kali, na sheria yake yaruhusu kumdai aliyeokolewa. Mwanzoni sheria iliwashika wale tu waliojitia hatarini bila kujali kitu. Mwaka 2008 wakaipanua, ikawashika hata wale walioonekana kuwa wazembe. Mwaka uliofuata kijana wa skauti, umri wake miaka 17, aliumia kifundo cha mguu katika mlima uitwao Mount Washington, akatafuta njia ya mkato, akapotea. Alilala nje siku tatu penye theluji. Alipopatikana hai walimsifu kwa jinsi alivyojua kujihifadhi. Baadaye ikamfikia hesabu ya dola zaidi ya 25,000. Sifa mbele, deni nyuma!

Mtu mwingine, mwenye miaka 59, ambaye nyonga zake zilikuwa zimepasuliwa na madaktari zaidi ya mara moja, nyonga ilimteguka njiani katika milima hiyo hiyo. Alidaiwa dola zaidi ya 9,000. Akaenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo ikasema alipe, maana alikuwa mzembe.

Sasa, ndugu, lisimamieni kidogo neno hili “uzembe”. Sisi wa reli twalijua kuliko watu wengi. Ajali ikitokea kazini, karatasi ya kwanza kuandikwa humtazama nani? Humtazama mtu wa chini kabisa. Mtu wa gengi hakuvaa viatu vya kazi: mzembe. Hawaulizi kama viatu vilitolewa. Dereva amechoka: mzembe. Hawaulizi amefanya saa ngapi bila kupumzika. Neno hili huandikwa baada ya jambo kwisha, na mtu aliyekaa kitini penye kivuli, mwenye ramani mezani na chai mkononi. Huko New Hampshire idara iliyotumia fedha kutafuta ndiyo inayokuja kudai ilipwe. Mdai mwenyewe akisema wewe ulikuwa mzembe, nani atashangaa? Nasi twataka kulipokea neno hilo hilo na kumwekea kila aliyeanguka shimoni?

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu, na mahali sitapataja. Tulikuwa tunabadili mataruma, mbali na stesheni. Troli ilirudi nyuma kwenye mteremko ikampanda mwenzetu mguu. Nyapara akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Swali la kwanza aliloulizwa halikuwa “anatoka damu kiasi gani?” Aliulizwa, “Gharama ya gari itaandikwa kwa nani?” Nyapara hakujua. Akapiga simu kwingine kuuliza, na huko nako wakamwambia angoje. Tukakaa na mwenzetu chini ya mti wa mgunga, tumemfunga mguu kwa shati, muda wa saa moja na nusu. Naye, katika maumivu yale, alikuwa akitusihi, “Msiite gari, nipelekeni kwa pikipiki, mimi sina pesa.” Mfupa umetoka nje, naye anahesabu shilingi!

Hapo ndipo mwenzetu wa karakana amekosea. Yeye adhani hesabu huja mwisho, mtu akiisha kuokolewa, kanywa uji, kapata nguvu. Sivyo. Deni hutangulia. Humfikia mtu kabla ya mwokozi, humkalia kichwani na kumwambia, “Ngoja kidogo, labda utapona, labda utaiona njia, usipige simu.” Tajiri halisikii deni hilo, ana bima yake na wakili wake. Alisikiaye ni mvuvi wa ngalawa mwenye watoto sita. Alisikiaye ni mpagazi wa Mlima Kenya, ambaye mgeni wake ameanza kukohoa kwa ugonjwa wa kimo. Mpagazi huyo akijua kwamba akiita msaada mgeni atatozwa fedha nyingi, na pengine lawama itamrudia yeye na kazi akose, je, ataita mapema? Atangoja mpaka asubuhi. Na ugonjwa ule wa kimo haungoji asubuhi.

Waokoaji wa milimani wenyewe huko Marekani, katika chama chao kiitwacho Mountain Rescue Association, walikwisha kusema hawataki watu watozwe, kwa sababu hii hii: mwenye kuogopa deni huchelewa kuita, giza likaingia, na mwokozi naye akatiwa hatarini. Hao si watu wa ofisini. Ndio wanaoshuka kwa kamba. Katika jimbo jingine la huko, Colorado, kila anunuaye kibali cha kuvua samaki au kuwinda hukatwa senti kidogo, na senti hizo husaidia kulipa gharama za kutafuta watu. Hiyo naifahamu. Ni kama ada ya chama chetu. Sote tunatoa kidogo, na siku moja mmoja wetu akaanguka.

Hata baharini, mahali palipojaa wafanya biashara wasiotoa hata kamba bure, jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1989 juu ya kuokoa vyombo wasema anayeokoa meli na shehena anaweza kudai malipo ya mali, lakini watu waliookolewa roho zao hawadaiwi kitu. Gunia la kahawa lina bei, mtu hana. Na huko Uingereza kuna chama cha mashua za uokoaji kilichoanzishwa mwaka 1824. Wengi wa mabaharia wake hawalipwi mshahara, huacha duka au nyavu zao kengele ikilia, na hawamtozi waliyemtoa majini.

Lakini turudi kwetu. Wazee wa reli bado husimulia usiku wa tarehe 30 Januari 1993, gari la abiria lilipokuwa likienda Mombasa, mafuriko yakawa yameharibu daraja la Ngai Ndethya, na mabehewa yakatumbukia mtoni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Nauliza, waliotolewa majini usiku ule wangeandikiwa hesabu gani? Mwenzetu atajibu, “La, hao hawakuwa na kosa.” Vema. Lakini akikubali sheria yake, lazima awepo mtu wa kupita kati ya majeruhi akiuliza nani ana kosa na nani hana. Labda huyu alisikia mvua imenyesha sana na bado akasafiri. Labda yule alikuwa amesimama mlangoni. Ukitafuta kosa la mtu hulikosi.

Tena mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria alianguka karibu na kilele cha Batian, akavunjika mguu vibaya. Ilichukua siku nyingi kumshusha, na rubani wa helikopta iliyokwenda kusaidia alianguka akafa. Uhai wa rubani yule utauandika katika karatasi gani, dola ngapi? Waliokwenda hawakwenda kwa sababu ya malipo.

Mwenzetu ameuliza pia, je, mtu akidanganya? Akipiga simu ya uongo? Hilo tulikwisha kulimaliza sisi wa reli zamani. Ndani ya behewa kuna mnyororo wa kusimamisha gari. Anayeuvuta kwa mchezo hutozwa faini, na ni haki yake. Lakini mama ambaye mtoto wake ameanguka dirishani akiuvuta, hakuna gadi atakayemwendea na karatasi ya gharama ya kuchelewesha gari. Muongo na ashitakiwe. Mjinga aokolewe kwanza, kisha akaripiwe na ndugu zake.

Na kama lazima apatikane wa kulipa, twende tukamtafute penye faida. Mwenye chombo aliyejaza abiria kupita kiasi bila maboya ya kujiokolea. Mwenye machimbo aliyeshusha vijana shimoni bila nguzo. Mwenye kampuni ya watalii aliyempandisha mpagazi barafuni na koti la pamba na viatu vya raba. Hao ni watu wa kudaiwa, nao ndio ambao hasira ya kantini haiwafikii kamwe.

Nilifundishwa shule ya misheni, na hadithi ya Msamaria naijua. Alitoa dinari mbili mfukoni mwake, akaahidi kuongeza. Hakumwambia mwenye nyumba ya wageni amzuie majeruhi mpaka jamaa zake walete pesa, kama ambavyo wagonjwa wetu wamezuiwa katika hospitali zaidi ya moja katika nchi hii. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini matibabu hayo yana faida gani kwa mtu aliye chini ya mti wa mgunga, maili nyingi kutoka barabara, ikiwa kumfikisha kwa daktari ni deni?

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya pili. Nimekwisha kumwomba mwandishi wetu aliandike jambo hili katika ajenda, na pamoja nalo ombi kwamba kila gengi iende kazini na namba ya simu ya gari la wagonjwa, na barua ya mwajiri inayosema gharama ni yake, ili nyapara asiulizwe tena lile swali. Mwenzetu wa karakana aje na hoja zake. Yule wa mguu atakuwapo pia. Siku hizi anatembea kwa fimbo.