Anga na Nchi Isiyo Tupu

Wapenzi vijana, filamu za anga mnazozitazama jioni hapa Kindu zina mzee wao: Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyoanza Marekani mwaka 1966. Ndani yake yumo Luteni Uhura, mwanamke mweusi ambaye jina lake lilitokana na neno letu "uhuru", hilo lanifurahisha. Lakini mtungaji wake, Gene Roddenberry, aliinadi kwa kuifananisha na misafara ya walowezi waliokwenda magharibi mwa Marekani. Ndiyo maana sayari zake huonekana mara nyingi kama nchi kame inayomngoja mgeni aje kuipa jina. Baadhi zilipigwa picha kwenye miamba ya Vasquez, si mbali na Los Angeles. (Hata ule ufundi wa kumshusha mtu kwa miali ulibuniwa kwa uhaba wa fedha: kuonyesha chombo kikitua kila juma kungegharimu mno.)

Nchi tupu! Nasi watu wa Lualaba tuliwahi kuwa eneo jeupe katika ramani za Ulaya. Livingstone alipofika Nyangwe, humu mwetu Maniema, mwaka 1871, alikuta soko kubwa lenye umati, siku zake na desturi zake. Basi chombo kinaposhuka kwenye sayari mpya, mimi hutafuta kwanza soko liko wapi.