KIPIMO KIJE KABLA YA KIDONDA



Katika mashamba ya miwa na chai hapa Uganda wako wenzetu wanaotambua kuwa wana kisukari siku ile kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Husemwa kuwa ni bahati mbaya. Sisi tunakataa. Wataalamu wamekwisha kutoa jibu, na jibu hilo ni mali yetu pia.

Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza walianza kuwafuatilia wagonjwa 5,102 wa kisukari cha watu wazima. Matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Wale waliodhibiti sukari kwa uangalifu zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa robo nzima. Na wagonjwa wenye shinikizo la damu waliolishusha sawasawa, vifo vyao vitokanavyo na kisukari vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Marekani na Canada nazo, kati ya 1983 na 1993, zilichunguza wagonjwa 1,441 wanaoishi kwa sindano za insulini. Udhibiti mzuri ulipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kuanza kwa asilimia 76.

Maana yake ni wazi. Mgonjwa anayepimwa, anayepata dawa na kula kwa wakati anaweza kufanya kazi miaka mingi akiwa na macho yake na miguu yake.

Lakini mkata miwa anayelipwa kwa kadiri alivyokata ataipata wapi nafasi hiyo? Siku ya kliniki ni siku bila mshahara. Aliyechoma insulini akicheleweshewa chakula hutetemeka, hutoka jasho na aweza kuanguka karibu na mashine. Mguu uliokufa ganzi hausikii jiwe ndani ya buti.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilitoa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, na ikampa mwajiri ruhusa ya kumwachisha kazi mgonjwa asiyepona baada ya miezi miwili. Kidonda cha kisukari hakihesabu miezi. Kwa hiyo ulinzi wetu lazima uandikwe katika mkataba kati ya chama na mwajiri. Tunadai:

1. Kila mfanyakazi apimwe sukari na shinikizo la damu kila mwaka, bila malipo.
2. Siku ya kliniki ilipwe kama siku ya kazi.
3. Saa ya chakula iheshimiwe, na insulini ihifadhiwe mahali pa baridi.
4. Buti ziwe za kumtosha mvaaji, na mgonjwa ahamishiwe kazi nyepesi badala ya kufukuzwa.

Mwajiri atalia gharama. Tunamjibu: kupima sukari kwataka tone moja la damu, na kupima ganzi ya mguu kwataka kipande cha uzi wa nailoni. Mkono uliozoea panga kwa miaka ishirini hauajiriwi upya kwa siku moja.

Nasi tuna wajibu. Tusiwacheke wenzetu wagonjwa, tusifiche ugonjwa, na kila jioni tukague nyayo zetu. Kila tawi lijadili madai haya kabla ya mazungumzo ya mkataba.

Afya ya mfanyakazi si zawadi ya mwajiri. Ni haki, na haki hudaiwa kwa umoja.