Nani Kasema Mvinyo Hauonjwi kwa Kiswahili?

Mimi ni Mganda. Kiswahili nilikikuta darasani, sikukinyonya kwa mama. Labda ndiyo maana nakionea uchungu. Safari yetu ya Dodoma, ambayo wenzangu waliiona starehe tu, mimi ilinirudisha na ugomvi, na ugomvi huo nauleta hapa mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu.

Tulikuwa wanne: mimi, Mkenya, Mrundi na mwenyeji wetu Mtanzania, sote tukisoma Kiswahili Dar es Salaam. Kila mmoja alitenga shilingi 120,000. Treni ya umeme kwenda na kurudi ilikula 62,000. Chumba cha watu wawili, 20,000 kwa kila mmoja. Kuonja mvinyo, 15,000. Zilizobaki zilitosha chakula, daladala na bodaboda. Kwa hiyo anayesema kuonja mvinyo ni jambo la matajiri afanye hesabu upya. Na anayesema ni jambo la walevi ajue kwamba rafiki yetu Mrundi ni Mwislamu, hanywi. Alikuja kula zabibu na kunywa juisi yake, na kama nitakavyoeleza, hakukosa somo.

Dodoma ni nchi kame, lakini zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wamisionari Wakatoliki walizipanda Bihawana miaka ya 1950, na leo wakulima wengi wa vijiji vya huko wanazitegemea kwa ada za watoto. Tulifika wakati wa mavuno.

Kiwanda tulichokwenda sitakitaja. Kijana aliyetupokea alitukaribisha kwa Kiswahili kizuri, akatania, tukacheka. Alipoinua glasi tu, lugha ikageuka. Dakika arobaini alitueleza mvinyo kwa Kiingereza cha kukariri, sisi wanne tunaosomea Kiswahili, ndani ya Dodoma! Ukutani alisimama mzee mmoja aliyekuwa ameleta zabibu zake kupimwa. Alikuwa akisikiliza. Nilimwona akiangalia glasi zetu, kisha akaangalia chini.

Nikamwomba kijana atueleze kwa Kiswahili. Akajibu bila ubaya wowote: "Dada, haya mambo kwa Kiswahili hayana maneno. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kijana simlaumu. Nawalaumu waliomfundisha hivyo, nasi tunaonyamaza.

Hayana maneno? Alichokuwa akihangaika kukieleza ni ile hali ya ulimi kukauka na mashavu kuvutwa ndani baada ya kumeza mvinyo mwekundu. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kula bibo la mkorosho anaijua. Kwetu Uganda tunaijua kwa ndizi za mbidde, zile tusizopika bali tunakamua kwa pombe. Inaitwa ukakasi. Kiswahili kinalo neno hilo, tena neno moja lisilohitaji maelezo. Wanakemia wakitaka kutaja kitu kinachouleta, waseme tanini, sina ugomvi nao. Lakini kinachohisiwa mdomoni kina jina lake.

Nilimwendea yule mzee. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza ukakasi unatoka wapi. Uso ukamfunguka. Akachuma tembe moja kutoka kwenye kreti yake, akammenyea Mrundi ganda peke yake atafune, kisha nyama peke yake. "Umeona? Uko kwenye ganda na kwenye mbegu. Ukivuna mapema unapata uchachu mkali. Mimi napasua mbegu. Ikiwa bado kijani, nasubiri. Ikigeuka kahawia, navuna." Kwa dakika tano nilielewa kwa nini mvinyo mwekundu, unaochachushwa pamoja na maganda, una ukakasi kuliko mweupe. Yale ya dakika arobaini sikumbuki hata nusu.

Mkenya wetu alibisha kwenye treni, naye alikuwa na hoja. Alisema tukilazimisha Kiswahili tutapata vioja kama karatasi ya bei tuliyoiona hotelini, iliyoandika "mvinyo mkavu". Kweli, kinywaji kikavu ni kitendawili! Lakini kosa hilo linanisaidia mimi. Mfasiri alitazama neno la Kiingereza, hakuonja. Angeonja, angeandika "usio na utamu". Tulikaa hadi Morogoro tukijaribu mengine. Chai huwa nzito au nyepesi, uji vilevile. Basi na mvinyo. Kuna uchachu, ukali, uchungu, harufu. Ladha inayokaa baada ya kumeza ilitushinda kuipatia neno moja; tukaiita "ladha inayobaki", tukaendelea. Kukosa neno moja si kukosa lugha.

Mtaniambia kuna mambo makubwa zaidi ya kupigania: mahakama, bunge, vitabu vya sayansi. Nakubali. Lakini mzee yule hayuko bungeni. Yuko kiwandani, amelima zabibu, amezipalilia, na mgeni anapoambiwa uzuri wake, yeye mwenyewe anaachwa ukutani kama mpita njia. Lugha inayomtoa mkulima kwenye habari ya jasho lake inamwambia kwamba thamani ya zao huanza pale yeye anapoishia.

Walimu wangu, kila mwaka mnatupa kazi ya istilahi, nasi tunaijaza tukiwa maktaba, kamusi mbili mezani. Tutumeni shambani, jikoni, karakana. Maneno yako huko, watu wanayatumia bila kutusubiri. Nanyi wenzangu, mkienda Dodoma, ombeni maelezo kwa Kiswahili. Mkiambiwa hakuna maneno, muulizeni aliyeleta zabibu.