LESENI YA DOLA 200

Wako watu kati yetu wasemao kwamba Marekani ndiyo shule ya uhuru, na kwamba kila sheria ya huko yafaa kunakiliwa. Haya, na tuitazame moja: sheria ya mtu kuuza bunduki nyumbani kwake.

Mwombaji awe na miaka 21 au zaidi, asiwe na hukumu ya kosa kubwa. Hujaza fomu, hutoa picha na alama za vidole, hulipa dola 200, na nakala ya maombi yake hupelekwa kwa mkuu wa polisi wa mahali pake. Kisha mkaguzi wa Serikali humfuata kumhoji. Kama sheria za mji zinaruhusu biashara katika nyumba ile, hupata leseni ya miaka mitatu. Kuifanya upya ni dola 90. Tangu siku hiyo kila bunduki iingiayo na itokayo huandikwa daftarini, naye mnunuzi hujaza fomu na kwa kawaida huchunguzwa kabla ya kukabidhiwa.

Mpaka hapa hatuna ugomvi. Mwenye duka dogo si adui yetu. Baba zetu walijua maana ya kusimama barazani kwa D.C. kuomba leseni na kuambiwa rudi kesho.

Ugomvi wetu ni huu: mlango umetiwa komeo, ukuta haukujengwa! Sheria ya 1968 humdai leseni yule tu afanyaye biashara. Mwingine akimwuzia mtu wa jimbo lake bunduki yake mwenyewe, sheria ya nchi nzima haimdai leseni, wala daftari, wala kumchunguza mnunuzi. Majimbo mengine yameliziba tundu hilo. Mengine yameliacha wazi. Basi mwaminifu anaandika mpaka mkono unamwuma, na mjanja anajiita si mfanyabiashara.

Tena tazameni nani aliyebanwa. Zamani leseni ilikuwa dola 10 kwa mwaka. Mwaka 1993 ada ikapandishwa, na 1994 zikaongezwa picha na alama za vidole. Wenye leseni walikuwa zaidi ya 280,000, wengi wao wakiuza majumbani. Kabla miaka kumi haijaisha wakabaki kama 100,000. Labda ilifaa, maana wengine walikuwa na leseni bila duka wala mteja. Lakini wenye viwanda je? Hao walipewa ngao. Sheria ya 2005 inawakinga na kesi nyingi zinazotokana na maovu yafanywayo kwa bunduki zao.

Mexico inajua uchungu wake. Huko raia hununua bunduki kihalali kwa jeshi tu, lakini bunduki zinavuka mpaka kutoka kwa jirani. Mwaka 2021 Mexico iliwapeleka wenye viwanda mahakamani. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa kesi hiyo kwa nguvu ya ngao ile ile. Maiti ni za Mexico, faida ni ya kiwanda.

Na msituambie kwamba wakubwa hawajui kuzuia bunduki. Mwaka 1890 walikaa Brussels, Marekani ikiwamo, wakatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na pwani yetu hii. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini bunduki za askari wa kikoloni hazikuzuiwa, na bunduki hizo ndizo zilizotutawala. Basi kuzuia walijua, na walijua vizuri sana, ilipokuwa bunduki imo mkononi mwa Mwafrika.

Ndugu, fundisho ni wazi. Leseni si karatasi na ada tu. Leseni ya haki humbana mkubwa kama inavyombana mdogo, humfikia auzaye kwa siri kama auzaye hadharani, na haimwachii mwenye kiwanda kula faida huku jirani akizika watoto. Atakayetuletea sheria ya namna nyingine, hata ikiwa imetoka shule gani, tumwulize kwanza: ukuta uko wapi?