LULU YA KINO SI TAMAA

Ndugu msomaji, usishangae kumwona mwanachama wa Chama cha Kiswahili akiandika juu ya kitabu cha Kiingereza. Hadithi nzuri haina kabila. Kitabu chenyewe ni The Pearl cha John Steinbeck, Mmarekani aliyekichapisha mwaka wa 1947 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1962. Kaka yangu alikisoma kwa ajili ya KCSE, nami nikakiokota sandukuni mwake jalada likiwa limeng'oka.

Kino ni mvuvi maskini wa La Paz, nchini Meksiko. Mwanawe mchanga, Coyotito, anaumwa na nge, na daktari anakataa kumtibu kwa kuwa wazazi hawana pesa. Siku hiyo hiyo Kino anaopoa lulu kubwa ajabu. Hapo balaa linaanza.

Nilipoisimulia hadithi hii kwenye kikundi chetu cha majadiliano, mwenzangu mmoja alinikata kauli. "Lulu ni ishara ya tamaa. Andika hivyo upate maksi zako!" Wote wakacheka. Mimi nakataa, na nitaeleza kwa nini.

Hebu tazama Kino anaona nini ndani ya lulu ile. Anaona harusi yake na Juana kanisani. Anaona bunduki (hiyo, sawa, ina walakini). Anamwona Coyotito akisoma kitabu, ili watu wao wasidanganywe tena. Kwani mzazi akitaka mtoto asome ni tamaa? Basi Timau nzima ina tamaa, maana hakuna anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi hii ya Mlima Kenya kwa kupenda umande. Lulu inaanza ikiwa tumaini. Wanaoichafua ni wengine: daktari anayekuja mbio akisikia kuna mali, wezi wa usiku, na wanunuzi.

Hao wanunuzi ndio walionifungua macho. Wanakaa kila mmoja katika ofisi yake wakijifanya wanashindana, kumbe wote ni vibaraka wa tajiri mmoja. Wanaiangalia lulu na kusema ni kubwa mno, haina soko. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Msimu uliopita baba alivuna viazi vizuri. Mabroka watatu walikuja kwa siku tatu tofauti, na kila mmoja akataja bei ile ile, hadi shilingi ya mwisho. Wa tatu alisema viazi vyetu ni vikubwa mno! Akataka pia gunia la lumbesa, ilhali kanuni za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Baba aliuza. Karo ilikuwa inangoja. Mwongozo gani ungenieleza hilo kwa neno moja, "tamaa"?

Mwishoni Coyotito anauawa kwa risasi, na Kino anaitupa lulu baharini. Wakati huo imekuwa mbaya machoni pake, ya rangi ya kijivu. Kitu ni kile kile, ila maana yake imegeuka mikononi mwa watu. Ndiyo maana nasema ishara haibandikwi jina mara moja kama chupa ya dawa.

Wapenzi wa Kiswahili watamkumbuka mtoto Uhuru katika Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora. Naye anafia mikononi mwa wahudumu wasiojali. Jina lake tu linatosha kutuuliza ni nani hasa aliyefariki pale: mtoto, au kile walichopigania wazee wetu? Walibora hajibu. Anatuachia maiti ndogo tuitazame.

Jioni moja nilimsimulia baba habari za wale wanunuzi wa lulu. Alikuwa akimenya viazi vya chakula cha usiku. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo Mmarekani aliwahi kulima Timau?"