Mwanafunzi Katika Nyumba ya Televisheni

Enyi vijana wetu, Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, na Bara mwaka 1994. Kazi hiyo ingali changa, wala sisi wazee wa Oloipiri hatuna jamaa huko wa kuwashika mkono. Basi mwanafunzi aendaye Dar es Salaam kwa mafunzo ya vitendo na ajitafutie jamaa kwa adabu. Asimkimbilie mtangazaji peke yake. Amwamkie mpiga kamera, fundi wa sauti na mlinzi wa mlangoni, ayajue majina yao, akunje nyaya kabla ya kuambiwa. Akisharudi, awapelekee salamu zisizo na ombi. Na binti akidaiwa heshima yake ili apewe kazi, hiyo ni rushwa, na sheria ya mwaka 2007 yaikataza. Aseme, na arudi nyumbani. Aibu si yake.