Wa mwisho mferejini naye asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ugawaji wa maji ya mito itokayo Mlima Meru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha tambarare, wilayani Arumeru, na tatizo hili nalishuhudia kila kiangazi.

Mto kama Nduruma huanzia mlimani, hupita kwa wakulima wadogo wa migomba na kahawa, huingia eneo la mashamba makubwa ya maua na mboga, kisha ndipo hutufikia sisi wa mahindi na maharage huku chini. Maji yanayobaki huelekea mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Wakati wa masika hakuna ugomvi. Ugomvi huja maji yanapopungua.

Si kweli kwamba wananchi hawawezi kujisimamia katika jambo hili. Wameru na Waarusha walichimba mifereji tangu enzi za mababu, wakaweka wazee wa mfereji, zamu za kumwagilia na siku za kusafisha. Asiyefika kazini hutozwa faini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inazitambua haki za kimila za maji, na inaruhusu kuundwa kwa jumuiya za watumia maji. Basi kasoro iko wapi?

Kwa maoni yangu iko katika mambo mawili. Kwanza, kamati ya mfereji ina nguvu juu ya mfereji wake tu. Inaweza kumwadhibu jirani aliyeiba zamu, lakini haina la kumwambia mwenye banio lililo mbali huko juu. Pili, kibali cha maji hutaja kiasi maalumu, lakini mto haujui kusoma kibali. Maji yakipungua kuliko yaliyoandikwa, aliye juu huweza kuchukua kiasi chake chote bila kuvunja kibali, na wa chini akabaki na mchanga.

Huku kwetu zamu ya maji mara nyingi huwa ya usiku. Mama hukesha shambani na jembe na tochi, na mtoto mkubwa hubaki nyumbani kulea wadogo zake. Asubuhi mtoto huyo husinzia darasani. Sisi walimu tukimwita mvivu tunamwonea.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kila mto uwe na jumuiya moja, toka msituni hadi tambarare, yenye wajumbe sawa wa juu, wa kati na wa chini. Akina mama wawemo, maana ndio wanaokesha. Mashamba makubwa nayo yakae humo kama watumiaji wenzetu. Wakati wa kiangazi maji yagawanywe kwa mafungu: mto ukipungua kwa robo, kila mmoja apunguziwe robo, mkubwa kwa mdogo. Vipimo na zamu vibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na kila faini iwe na stakabadhi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, itusaidie kupima na kuamua pale tunaposhindwana.

Sisi wa chini nasi tuna wajibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mtu wa mlimani mwenye nusu ekari, huo ni mzigo mzito, na anayenufaika ni sisi. Haifai tumwachie peke yake. Tupande mlimani na majembe yetu, tumsaidie kupanda miti na majani ya mifugo kwenye kingo hizo. Akiona tunashiriki katika kazi yake, atatusikiliza tunapodai maji.

Nawaomba viongozi wa vijiji, kata na halmashauri zetu mbili za Arumeru walizungumze jambo hili kabla kiangazi hakijatukuta. Kikao cha amani hakifanyiki penye banio lililokauka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Arumeru, Arusha.